Njia ya gari la zimamoto: kwa mnaoanza kusimamia majengo Unguja na Pemba

Ukikabidhiwa jengo, iwe skuli, hoteli au ghorofa za kupangisha, utaoneshwa pampu ya maji, jenereta, stoo na daftari la funguo. Njia ya gari la zimamoto huenda usioneshwe, kwa sababu anayekukabidhi naye hakuoneshwa. Itafute mwenyewe siku ya kwanza. Kwenye ramani mara nyingi imechorwa. Suala ni kama bado ipo uwanjani.

Chukua futikamba na mtu wa kukushikia upande wa pili, kisha pima palipo pembamba kuliko pote. Miongozo ya Uingereza inataka mita 3.7 njiani na mita 3.1 getini. Wamarekani, ambao magari yao ni makubwa zaidi, wanataka mita 6.1 za upana na mita 4.1 za kwenda juu. Mimi namba za Waingereza nazifanya ndiyo mpaka. Chini ya hapo sijadiliani na mtu, awe mwenye jengo au mkandarasi wake. Lakini la kuaminika zaidi ni kuwaomba Kikosi cha Zimamoto na Uokoaji waje na gari lenyewe, dereva alipitishe taratibu mpaka nyuma ya jengo. Pale atakapokunja uso ndipo penye kazi yako.

Tazama na juu: tao la geti, waya wa umeme, matawi. Tawi la mwembe lililopita vizuri kiangazi huinama masika likilowa. Na kila mnapomwaga kifusi au kutandika matofali mapya chini ya tao, nafasi imepungua ingawa tao lenyewe hakuna aliyeligusa. Pima tena baada ya kila ukarabati.

Sasa karo, yaani shimo la majitaka. Hili nalisema kwa kirefu kwa sababu ndilo linalosahauliwa. Karo huchimbwa palipo wazi, na palipo wazi ndipo gari linapotarajiwa kupita. Mfuniko wake aghlabu umemwagwa kwa kukisia, watu wapite juu yake na pengine gari dogo. Gari la zimamoto lenye lita 5,000 limebeba tani 5 za maji peke yake, bado chuma, mipira na watu. Waingereza wanataka njia ya gari la kawaida la kuzimia moto ihimili tani 12.5. Gurudumu likizama kwenye karo, gari limekwama, na litakalokuja nyuma yake halina pa kupita.

Karo nyingine zimefukiwa na hazimo kwenye mchoro wowote. Muulize fundi mzee aliyejenga, au wale wa gari la kunyonya majitaka, maana wao wanajua walipoingiza bomba. Piga chini kwa kisigino au kwa mtaimbo: penye uwazi panalia kama ngoma. Halafu inama uangalie kingo za mfuniko. Kwetu hewa ni ya chumvi, na kokoto na mchanga wa kujengea navyo si vyote vilivyooshwa, kwa hiyo nondo hushika kutu mapema, zikavimba na kulipasua zege kutoka ndani. Utaona ufa mwembamba wenye rangi ya kahawia. Ukiuona, zuia magari yote mazito siku hiyo hiyo, kisha mwite mhandisi apige hesabu ya mfuniko mpya, au hamisheni njia. Fundi akikwambia "hii ngumu, hata lori linapita," muulize lori la nani, na lilikuwa limebeba nini.

Njia isiyotokea upande wa pili isiwe ndefu ikiwa hakuna pa kugeuzia. Uingereza hawataki gari lirudi kinyumenyume zaidi ya mita 20, Marekani wanakwenda mpaka kama mita 46. Usiku, penye moshi na watu wanaokimbia, hizo 20 nazo naziona nyingi.

Mji Mkongwe una hesabu yake. Huko hatupanui kitu, uchochoro ni urithi pamoja na baraza zake, na gari litasimama Mizingani, Forodhani au barabara ya Darajani. Njia yako ni njia ya mpira wa maji. Itembee kwa miguu kutoka gari litakaposimama hadi mlangoni kwako, kona zote, maana mpira haukati ukuta. Kipande kimoja huwa na mita 20 hadi 30, basi hesabu vitahitajika vingapi na uwaambie zimamoto kabla hakujatokea kitu. Baraza hazina neno. Tabu ni vespa zilizoegeshwa mbili mbili na meza za biashara zinazosogea mbele kila mwezi.

Hoteli za pwani, tabu yao ni mchanga na makuti. Njia ya mchanga mtupu haifai hata ikiwa na upana wa mita 10, na njia inayopita baina ya mabanda mawili ya makuti inaweza isipitike kabisa upepo wa kaskazi ukishaushika moto. Ipitishe nje ya mabanda, upande unakotoka upepo ikiwezekana, na kwa kuwa upepo wetu hubadilika ukaja kusi, afadhali uwe na viingilio viwili.

Kuhusu watu, kibao peke yake hakitoshi. Kwenye jengo moja bibi mmoja alikuwa akiuza maandazi katikati ya kiingilio.

"Shikamoo bibi. Meza hii tuisogeze kidogo, gari la zimamoto lipate njia."

"Marahaba mwanangu. Niisogeze wapi, na jua lote lile?"

Alikuwa na haki. Pale getini ndipo penye kivuli cha mkungu. Tulimtilia kibanda cha bati upande wa pili, akahama bila ya ugomvi. Kabla hujamfukuza mtu, angalia amefuata nini hapo. Siku ya Ijumaa, ukiwa jirani na msikiti, magari yatajaa tu. Zungumza na imamu na sheha, kisha weka mlinzi wa kuonesha pengine pa kuegesha kuanzia saa tano na nusu.

Kufuli la geti la nyuma liwe na funguo zaidi ya mmoja, na mmoja ukae kwa mlinzi wa zamu. Kila Jumatatu alifungue kweli, mbele yako, alitie mafuta, na geti lifunguke mpaka mwisho, lisiishie nusu kwa sababu ya rundo la matofali.