Mitihani iliyopita tunayo na notisi tunazo, mbona darasa bado linashuka?

Swali: Nafundisha Kemia na Biolojia sekondari. Darasa langu la mwisho limebakiza wiki kumi na mbili kabla ya mtihani. Nina mitihani ya miaka kumi iliyopita pamoja na miongozo ya usahihishaji, notisi nilizochapa mwenyewe, vitabu viwili na video nilizopakua. Tumeshapitia mitihani saba, swali kwa swali, na mingine tumeirudia. Darasani wanajibu vizuri. Nilipowapa mtihani wa majaribio walishuka vibaya, hata kwenye maswali yanayofanana kabisa na tuliyoyafanya. Je, nitafute vifaa zaidi, au kuna namna ya kuvitumia hivi ambayo siijui? Na wiki hizi nizipangeje?

Jibu: Mwalimu mwenzangu, usitafute kingine. Ulivyonavyo vinatosha na huenda vimezidi. Nimeirudia barua yako mara kadhaa na kila mara nimekwama kwenye neno moja: "tumeshapitia". Najua kupitia kulivyo kwa sababu nami nilifundisha hivyo kwa miaka. Mwalimu anasoma swali, wawili watatu wanaojua wanajibu, jibu linaandikwa ubaoni, waliobaki wananakili huku wakiitikia. Jibu likiwa mbele ya macho, kila mmoja analielewa. Lakini kulielewa jibu ukilitazama ni kazi moja, na kulitoa kichwani huku karatasi ni tupu ni kazi nyingine. Wanafunzi wako wameizoea ile ya kwanza. Mtihani unapima ya pili.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vifupi vya kusoma. Kwa kifungu kimoja walikisoma tena mara ya pili. Kwa kingine walifunga karatasi na kuandika yote waliyoyakumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 81, na walioandika kwa kumbukumbu asilimia 75. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliorudia kusoma walibaki na asilimia 42, walioandika walikuwa na asilimia 56. Mwanafunzi anayesoma notisi mara ya tatu anajiona yuko tayari, na kwa dakika zile tano kweli yuko tayari. Mtihani wako wa majaribio haukuwa ndani ya dakika tano.

Kuna sababu ya pili, na nadhani ndiyo inayoeleza kwa nini walianguka hata kwenye maswali waliyoyafahamu. Tunapofundisha moli (kipimo cha kiasi cha dutu katika Kemia), tunatoa maswali kumi ya moli mfululizo. Kufika swali la tatu mwanafunzi hasomi tena swali. Anajua kanuni ni ipi, anachofanya ni kuchomeka namba. Doug Rohrer na Kelli Taylor, katika utafiti wa mwaka 2007, waliwafundisha wanafunzi kutafuta ujazo wa maumbo manne. Kundi moja lilifanya mazoezi umbo kwa umbo, lingine likafanya maswali yaleyale yakiwa yamechanganywa. Wakati wa mazoezi, waliopangiwa umbo kwa umbo walipata asilimia 89, waliochanganyiwa 60. Wiki moja baadaye wa kwanza wakashuka hadi 20, wa pili wakapata 63. Kwenye chumba cha mtihani hakuna wa kukunong'oneza kwamba hili ni swali la moli. Kulitambua swali ni nusu ya kazi, na zoezi lililopangwa kwa mada linamwondolea mwanafunzi nusu hiyo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya mkasi. Ile mitihani mitatu ambayo hamjaigusa ifungie, nitairudia mwishoni. Ile saba ivunje. Kila swali liwe peke yake, liandikwe mada, mwaka, alama zake, na kitenzi kinachoongoza: taja, eleza, linganisha, kokotoa, chora, tafsiri jedwali. Kitenzi ni muhimu kuliko tunavyokichukulia. Ukimaliza kupanga utaona, kwa mfano, kwamba darasa lako halina shida na mada ya usafirishaji katika mimea. Lina shida na "linganisha", popote inapotokea. Hilo huwezi kuliona ukisahihisha mtihani mmoja mzima baada ya mwingine. Wakati wa kuvunja, weka silabasi pembeni na utoe swali lolote la mada iliyokwisha kuondolewa. Tena, tafadhali, jedwali hilo lisigeuke chombo cha kutabiri. Mada ambayo haijaulizwa kwa miaka saba bado imo kwenye silabasi, na mwanafunzi uliyemwambia airuke hana wa kumlaumu isipokuwa wewe.

Maswali hayo wameshayaona, kwa hiyo yabadilishe kabla ya kuyarudisha. Chukua hili la kawaida: gramu 4.0 za haidroksaidi ya sodiamu zimeyeyushwa katika maji hadi kufikia sentimita za ujazo 500; kokotoa ukolezi. Uzito wa moli ni 40, kwa hiyo moli ni 0.1; sentimita za ujazo 500 ni nusu desimita ya ujazo, hivyo ukolezi ni moli 0.2 kwa kila desimita ya ujazo. Mwanafunzi aliyelinakili anaikumbuka 0.2 yenyewe. Sasa ligeuze: unahitaji sentimita za ujazo 250 za myeyusho wenye ukolezi huohuo, utapima gramu ngapi? Jibu ni gramu 2.0, lakini ili alifikie inambidi arudi nyuma njia nzima, kutoka ukolezi hadi moli, kutoka moli hadi gramu. Kisha mpe la tatu lisilo na hesabu ya kuanza: mwenzako amepata 0.0002 katika swali la kwanza, amekosea wapi? (Amegawanya 0.1 kwa 500 bila kubadili sentimita za ujazo kuwa desimita za ujazo.) Swali hilo la tatu nalipenda kuliko yote. Anayeweza kulitafuta kosa la mwenzake na kulieleza kwa maneno yake, hilo kosa kwake limekwisha. Swali moja la zamani limezaa matatu, na hukununua kitabu.

Kwenye Biolojia uzito uko kwenye kusahihisha. Tuseme swali ni hili: eleza kwa nini seli nyekundu ya damu hupasuka ikiwekwa katika maji safi lakini seli ya mmea haipasuki, alama 4. Wengi wataandika "kwa sababu seli ya mmea ina ukuta" na kuweka kalamu chini. Ni kweli, na ni alama moja. Mwongozo unataka mnyororo: maji yanaingia kwa osmosisi, yakitoka nje yaliko mengi kwenda ndani yaliko machache, kupitia utando unaopitisha baadhi ya vitu tu; seli inavimba; seli ya damu haina ukuta wa kuuzuia msukumo huo, hivyo inapasuka; ukuta wa seli ya mmea unaukinza, hivyo seli inatuna na kubaki nzima. Wape wanafunzi mwongozo baada ya kujibu, kamwe si kabla, wasahihishe wenyewe kwa kalamu ya rangi nyingine, wakiweka alama pembeni ya kila hoja na kuandika hoja iliyokosekana. Mara ya kwanza itawachukua muda mrefu na watajipendelea. Kufikia mara ya nne wataanza kuandika majibu wakijua msahihishaji anatafuta nini. Halafu ligeuze na hili: vipi kama ni maji ya chumvi kali?

Notisi zako usizitupe. Zigeuze maswali. Kila ukurasa uachiwe nafasi upande wa kushoto, mwanafunzi aandike swali mkabala wa kila aya, afunike aya, ajibu, afunue. Kwa mambo ya kukumbuka tu, kama alama za elementi, valensi, fasili na kazi za vimeng'enya, kadi ndogo za karatasi zinafaa zaidi. Sebastian Leitner, mwandishi wa Kijerumani, alieleza mwaka 1972 namna ya kuzipanga katika visanduku: kadi uliyoijibu sawa inahamia kisanduku kinachofuata, ambacho hufunguliwa mara chache zaidi, uliyokosea inarudi cha kwanza, kinachofunguliwa kila siku. Bahasha tatu zinatosha kwa kazi hiyo. Kuna programu za simu zinazofanya hivyohivyo, ila asiye na simu hapungukiwi kitu. Hesabu na maelezo marefu usiyaingize kwenye kadi. Mwanafunzi ataishia kukariri jibu.

Sasa daftari la makosa. Ningeambiwa nikuachie kitu kimoja tu, kingekuwa hiki. Kila mwanafunzi awe na daftari moja jembamba ambalo halina kazi nyingine. Kila swali alilopoteza alama linaingia humo kwa ufupi, pamoja na sababu, na tarehe mbili za kulijibu upya: moja baada ya siku tatu, nyingine baada ya wiki mbili. Kwenye sababu, usikubali "sikuelewa". Lazimisha achague: sikuwahi kulijua, nililijua nikalisahau, nililijua lakini sikujibu kilichoulizwa, nilikosea hesabu au vipimo. Nasisitiza hili kwa sababu kila sababu ina dawa yake. Asiyejua anahitaji kufundishwa upya, na hapo ndipo video zako zinapoingia. Aliyesahau hahitaji somo. Anahitaji kuulizwa tena na tena, siku kadhaa zikipita katikati. Asiyejibu kilichoulizwa apigie mstari kitenzi na idadi ya alama kabla ya kuandika neno lolote. Wa vipimo aandike kipimo kwenye kila hatua, hata pale anapokiona hakihitajiki. Nimewaona wanafunzi waliosoma sura nzima ya moli mara tatu, kumbe shida yao siku zote ilikuwa kuhama kutoka sentimita za ujazo kwenda desimita za ujazo. Wangelijua hilo kwa dakika kumi.

Yakusanye madaftari hayo kila baada ya wiki mbili, uyasome bila kutoa alama. Mpango wa vipindi vinavyofuata utautoa humo.

Kuhusu wiki zenyewe, sitakupa ratiba ya siku kwa siku; hali ya darasa lako unaijua wewe. Ninachokuomba ni dakika kumi za mwanzo wa kila kipindi. Maswali manne ubaoni, madaftari yamefungwa, kila mmoja anaandika kimya: moja la kipindi kilichopita, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita, moja la mada ya zamani kabisa. Mnasahihisha, makosa yanaingia daftarini, mnaendelea na somo. Alama hizo zisiende kwenye ripoti yoyote. Zikianza kuhesabiwa, watoto wataanza kuchungulia, na kuchungulia kunakurudisha kwenye kutambua jibu uliloliona. Wiki mbili za kwanza zitakukatisha tamaa, kwa sababu la nne karibu wote watalikosa. Vumilia. Kusahau kidogo halafu kulazimika kukumbuka ndiko kunakokaza kumbukumbu, na hiyo ndiyo sababu ya kuyatenganisha maswali kwa siku badala ya kuyamaliza yote kwa mkupuo mmoja.

Video zitumie kwa uchache. Isimamishe kabla ya matokeo ya jaribio, kila mmoja aandike anachotegemea kutokea, ndipo uendelee. Na majibu ya kwenye intaneti, pamoja na yanayotungwa na programu za akili bandia, yakokotoe wewe mwenyewe kwanza kabla ya kuyagawa. Niliwahi kugawa karatasi ya majibu niliyoipakua bila kuikagua. Hesabu moja ilikuwa na kosa, darasa zima likainakili, na kuling'oa kosa hilo kuliniletea kazi kubwa kuliko kuifundisha mada yenyewe.

Imebaki ile mitihani mitatu uliyoifungia. Mmoja utoe wiki ya sita, wa pili wiki ya tisa, wa mwisho wiki ya kumi na moja. Kila mmoja ufanywe kwa muda kamili, kimya, kwa maelekezo yaleyale ya chumba cha mtihani, na tenga vipindi viwili baada ya kila mmoja kwa kusahihisha na kujaza daftari la makosa, kwa sababu bila vipindi hivyo umepata alama tu. Wiki ya kumi na mbili usiwape mtihani mwingine. Wape daftari lao wenyewe, wafunike majibu, na wajibu upya kila kosa walilowahi kuliandika humo.