Mchoro wa viputo kutoka kwenye takwimu: nilivyoutumia kwenye zahanati

Mkuu, umeuliza kama kuna faida yoyote kuingiza orodha ya vyumba kwenye Excel halafu programu ikuchoree viputo, yaani kila chumba duara lenye ukubwa wa eneo lake, na mistari kati ya vyumba vinavyohusiana, au ni mbwembwe tu za kumfurahisha mhadhiri. Mimi nimeutumia kwenye kazi za kweli, mojawapo zahanati ya mtu binafsi nje kidogo ya Tanga, vyumba 14. Faida ipo, ila inategemea namba umezitoa wapi.

Karatasi ya mteja ilisema sehemu ya kusubiria iwe mita za mraba 20. Nikaomba nikae siku tatu kwenye jengo lake la zamani na daftari langu. Jumanne, siku ya kliniki ya watoto, saa tatu asubuhi nilihesabu watu 46 wanaosubiri, wengine wamekaa kwenye ngazi. Mimi hupigia mita za mraba 1.2 kwa kichwa, ikaja 55. Hiyo 20 nadhani aliipima kwa mabenchi aliyokuwa nayo.

Angalia mtego hapo: takwimu inaingia kwenye eneo la kiputo, si kipenyo. Toka 20 hadi 55, kipenyo kinapanda kutoka mita 5 hadi 8.4 tu. Kazi yangu ya kwanza nilisahau kipeuo cha pili kwenye fomula, chumba cha dawa kikawa punje ya mtama kando ya chungwa.

Sasa mistari, ile inayoonyesha vyumba gani vikaribiane. Vyumba 14 vinakupa jozi 91, na ukizijaza kwa hisia umejidanganya. Richard Muther, Mmarekani aliyekuwa akipanga viwanda, alitoa mfumo wa herufi mwaka 1961: A ni lazima vikaribiane, unashuka E, I, O hadi U ambayo haijalishi, halafu X kwa visivyotakiwa kukaribiana. Irabu zetu tano, huwezi kuzisahau. Anza na X, ni chache na hazina ubishi. Yangu ya kwanza ilikuwa wanaokohoa na kliniki ya watoto.

Choo na maabara nilivipa U. Siku ya pili pale nikamwona mama ametoka chooni, kikopo cha mkojo amekifunika kwa kiganja, anapenya katikati ya umati wote ule kwenda maabara ya nyuma, macho chini. Jioni ile ile U ikawa A. Programu ikavuta choo hadi ubavuni mwa maabara, tukatoboa kidirisha ukutani: unaweka kikopo, mhudumu anakichukua upande wa pili.

Lakini viputo havijui upepo. Programu iliwatupa wanaokohoa kaskazini, sawa kabisa wakati wa kusi, upepo wa kusini-mashariki. Kaskazi, ule wa kaskazini-mashariki, ikianza, hewa yao yote inarudi ndani. Nikawahamishia magharibi kwa mkono, chini ya banda la wazi, maana pepo zote mbili zinatokea upande wa mashariki. Korido nazo hazimo kwenye orodha ya mteja yeyote niliyewahi kukutana naye. Mimi huongeza asilimia 30 juu ya jumla kabla sijachora chochote, la sivyo kiwanja kinakuumbua.

Ukiwa na jedwali lako libandike hapa, tuanze na hizo X.