Ninaficha Kigugumizi kwa Kubadilisha Maneno

SWALI: Nina kigugumizi ambacho hata mke wangu hakijui, kwa kuwa neno likinikwama mimi hutafuta jingine. Juzi, nikielekea Kangemi, nilimwambia kondakta anishushe Uthiru, kisha nikarudi kwa miguu. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, mwendo huo wa miguu ndio gharama yenyewe. Mwanasaikolojia Mmarekani Joseph Sheehan, ambaye naye alikuwa na kigugumizi, alikilinganisha na mlima wa barafu ueleao baharini: kinachosikika ni kidogo, ilhali hofu na aibu zimezama chini, nazo huongezeka kila neno linapokwepwa. (Jina lako, kwa bahati mbaya, halina kisawe.) Mweleze mkeo kwanza, kisha umtamkie kondakta “Kangemi”, hata likikwama, na umwone mtaalamu wa tiba ya usemi.