Misimu Huokolewa, Miaka Haisimami

Iten, 14 Oktoba 2024

Mwanangu mpenzi,

Barua yako ilifika Ijumaa, nami nilimsomea mama yako nikiruka kidogo pale unapoeleza maumivu. Umeuliza iwapo, kwa kuwa daktari ameona ufa kwenye mfupa wa muundi na kukukataza kukimbia hadi mwakani, ingefaa usimamishe masomo, urudi nyumbani mwaka mzima, kisha uendelee na miaka yako ya kushindana pale ulipoiachia.

Usirudi. Chuo chako kimo katika Divisheni ya Kwanza ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, na humo mwanariadha hupewa misimu minne ya kushindana, na sharti aimalize ndani ya miaka mitano inayoanza kuhesabiwa anapojiandikisha kwa mara ya kwanza kwa masomo kamili. Miaka hiyo haikungoji ukiwa huku unakamua ng'ombe. Mimi nilirudi nyumbani baada ya mwaka wangu wa pili, nikiamini kwamba misimu miwili iliyobaki imetunzwa kama nguo sandukuni, na niliporejea baada ya miaka miwili nikakuta nimebakiwa na mwaka mmoja tu. Huenda aliyekuambia kwamba hesabu husimama anasoma chuo cha Divisheni ya Pili, ambako huhesabiwa mihula kumi ya masomo kamili, na muhula ambao hukujiandikisha hauhesabiwi. Kwenu nafuu hutolewa kwa wachache, kama waliokwenda jeshini, waliotumwa misheni na kanisa, au mwanamke aliyepata ujauzito. Na mwenzako aliye mwaka wa sita usimfanye kipimo, kwani walioshindana msimu wa 2020–21 waliongezewa mwaka kwa sababu ya korona.

Sasa tazama hesabu yako. Uko mwaka wa tatu, na umekwisha kutumia misimu miwili ya mbio za nyika. Mwaka huu umekimbia mara mbili tu, zote mwezi wa Septemba. Anayeumia katika nusu ya kwanza ya msimu, akiwa hajavuka mashindano matatu au asilimia 30 ya mashindano ya msimu, kwa kufuata kiwango kilicho kikubwa, anaweza kuombewa na chuo chake arudishiwe msimu huo. Ukikubaliwa, utakuwa na misimu miwili na miaka miwili, na hutahitaji kuongezewa hata siku moja. Kuongezewa mwaka wa sita ni ombi jingine kabisa, linalomtaka mtu awe amekosa zaidi ya msimu mmoja kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake. Misimu ya mbio za uwanja wa ndani na ya uwanja wa nje huhesabiwa kila mmoja peke yake, mbali na mbio za nyika; kwa hiyo kocha akikushawishi Januari ujaribu mbio moja tu ya ndani, kataa kwa adabu, kwa maana mbio hiyo moja hula msimu mzima wa uwanja wa ndani.

Tena viza yako inakutaka usome masomo kamili. Hata ukitaka kupunguza masomo kwa sababu ya mguu, upate kwanza idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni.

Kesho nenda kwa ofisa wa kanuni za michezo wa chuo, si kwa kocha peke yake, umwombe aanze kuandaa ombi. Kinachoangaliwa ni karatasi za daktari zilizoandikwa wakati ule ule ulipoumia, kwa hiyo nitumie nakala nione tarehe yake.

Baba yako