Maswali ya Wasomaji: Je, Mkristo Anayepumzika ni Mvivu?

SWALI

Bwana asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Mikindani, Mombasa, na mume wangu anafanya kazi Nairobi, huja nyumbani mwisho wa mwezi. Nimeajiriwa kama karani katika yadi moja ya makontena huko Changamwe, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na Jumamosi hadi saa sita mchana. Mshahara hautoshi kodi na karo, kwa hiyo kila usiku wa kuamkia siku ya kazi mimi na msichana anayenisaidia nyumbani hukanda unga wa mahamri, na saa kumi alfajiri tunawasha jiko ili wateja wanaoelekea kazini wayapate ya moto pamoja na mbaazi. Jumapili niko kanisani tangu saa moja asubuhi, kwa kuwa mimi ni mweka hazina wa kina mama na pia mwanakwaya, na mazoezi ya kwaya ni Jumatano na Ijumaa jioni. Siku hizi kichwa hakiachi kuniuma, ninawafokea watoto kwa mambo madogo, na nikishika Biblia usiku ninasinzia kabla ya kumaliza aya mbili. Nilipomwambia mwenzangu wa kanisani kwamba nafikiria kupunguza baadhi ya mambo, alinijibu kwa Mithali 6, kwamba nimwendee chungu nikajifunze. Je, ni dhambi kupumzika ilhali mahitaji bado yapo?

Mama wa Mikindani

JIBU

Dada yangu mpendwa katika Kristo, si dhambi. Ni agizo la Mungu, na limo katika zile Amri Kumi pamoja na amri ya kutoua na ya kutoiba. Huyo mwenzako alichukua andiko la kweli akampa mtu asiyehusika nalo. Mithali 6 inamwambia mvivu, yule anayeendelea kulala wakati wenzake wanakusanya chakula cha mavuno, na wala haimwambii mama ambaye jiko lake limeshawaka kabla jogoo hajawika. Ukipewa dawa ya ugonjwa usiokuwa wako hutapona, na huenda ukazidi kuugua.

Kazi yenyewe ni njema, na hilo halina ubishi. Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza kabla dhambi haijaingia ulimwenguni, na Mtume Paulo, aliyekuwa fundi wa mahema, aliwaandikia Wathesalonike kwamba asiyetaka kufanya kazi na asile. Wewe hilo umelitimiza na kulipita, kwa hiyo sitakaa hapo.

Nitakaa kwenye maneno yako ya mwisho, “ilhali mahitaji bado yapo,” kwa sababu ndipo penye mzigo. Wengi wetu tumejiwekea moyoni kwamba tutapumzika kazi zikiisha, karo ikilipwa, nyumba ikijengwa. Sasa soma Kutoka 34:21. Mungu anawaagiza Waisraeli wapumzike siku ya saba, kisha anaongeza kwamba watapumzika hata wakati wa kulima na wakati wa kuvuna. Yeyote aliyekulia shambani, iwe Rabai au Taita, anajua kwamba hizo ndizo siku ambazo mkulima haoni hata saa moja ya kupoteza, kwa kuwa mvua haingoji mtu na mahindi yaliyokauka huliwa na ndege. Mungu alizitaja siku hizo hasa, akijua kwamba hapo ndipo watu wangemwambia, “Bwana, si sasa.”

Tena angalia waliopewa agizo hilo ni akina nani. Katika Kutoka 16 hawana akiba, hawana shamba wala mshahara, wametoka juzi tu katika nchi ambako walihesabiwa matofali na kupigwa yakipungua. Mungu anawanyeshea mana kila asubuhi, na siku ya sita anawapa ya siku mbili ili ya saba wasitoke. Wako waliotoka hata hivyo, wakazunguka jangwani na wasipate kitu. Ninaposoma habari hiyo siwaoni kuwa wakaidi tu, nawaona kuwa watu waliozoea njaa na mjeledi hata wasiweze kuamini kwamba chakula cha kesho kimeshatolewa. Mtu anaweza kutoka utumwani kwa miguu na hofu ya utumwa ikabaki kifuani mwake miaka mingi.

Kwa hiyo ninakuomba utenganishe mambo mawili, uhitaji na hofu. Uhitaji wako ni wa kweli, na sitakuambia kwamba ukiomba kwa bidii karo italipwa yenyewe. Lakini mume wako akija mwisho wa mwezi, ketini pamoja na daftari. Andikeni gharama za unga, sukari, nazi, iliki, hamira, mafuta na makaa, kisha muandike mauzo ya kila siku peke yake. Nadhani mtakuta kwamba siku moja, pengine Jumamosi ambapo ofisi nyingi zimefungwa, faida yake ni ndogo kuliko uchovu wake. Iacheni siku hiyo. Ukiogopa kuwapoteza wateja, watazame wenye maduka wa Mji wa Kale: Ijumaa adhuhuri wanafunga na kwenda msikitini, wateja wanalijua hilo, na milango ikifunguliwa tena wanarudi. Waambie wateja wako mapema kwamba siku fulani hakuna mahamri, nao watazoea.

Kuhusu hicho kichwa, tafadhali usikiombee tu. Nenda kituo cha afya wiki hii ukapimwe shinikizo la damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyo kubwa kwa asilimia 35 kuliko anayefanya kazi saa 35 hadi 40. Saa zako, kwa jinsi ulivyoeleza, zinapita 65 hata kabla hatujahesabu kukanda unga na mazoezi ya kwaya. Wala usione aibu kwamba unasinzia ukisoma Neno. Eliya alipochoka hata akaomba afe, katika 1 Wafalme 19, malaika hakumkemea wala hakumhubiria. Alimwamsha ale mkate uliookwa juu ya makaa na kunywa maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili. Mazungumzo na Mungu pale Horebu yalikuja baadaye, mwili ulipokwisha kupata haki yake.

Sasa nije kwenye Jumapili yako, na hapa ninawaomba wachungaji na wazee wa kanisa wasome nasi. Katika Marko 6 mitume wanarudi kutoka kuhubiri na kuponya wagonjwa, kazi ambayo Bwana mwenyewe aliwatuma. Watu ni wengi, wanaokuja na wanaokwenda, hata hawapati nafasi ya kula. Yesu anawaambia waende mahali pa faragha wapumzike kidogo. Hakusema kwamba kwa kuwa kazi ni ya Mungu basi haichoshi. Makanisa yetu yana desturi ya kumtwika aliyekubali mara moja kila jambo linalofuata, mpaka siku ya Bwana inakuwa ndiyo siku yake ndefu kuliko zote, na akianza kukosekana tunamwombea kama aliyerudi nyuma. Dada yangu, chagua huduma moja kati ya hizo mbili. Ukibaki na hazina, mwambie kiongozi wa kwaya kwamba utapumzika hadi mwaka ujao, na umwambie kwa uso mkunjufu, bila kujitetea sana. Jumatano na Ijumaa jioni zako zitarudi kwa watoto.

Liko jambo moja ambalo hukuuliza, na ninalisema kwa upendo. Yupo mtu katika barua yako uliyemtaja mara moja tu, msichana anayekusaidia. Anakanda nawe usiku, anaamka nawe saa kumi, na ukiondoka kwenda Changamwe yeye anabaki na watoto, vyombo na nguo. Jumapili ukiwa kwaya yeye yuko wapi? Kumbukumbu la Torati 5:14 inaagiza kupumzika ili mtumwa wako na mjakazi wako wapumzike kama wewe, na aya inayofuata inatoa sababu: nawe ulikuwa mtumwa Misri. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 27, nayo inampa kila mwajiriwa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na yeye ni mwajiriwa kama wewe ulivyo mwajiriwa wa yadi. Mpango wowote wa mapumziko utakaoupanga nyumbani mwako uanze na siku yake, aende kwao au kanisani au alale tu, na mshahara wake usikatwe.

Na siku yako ikifika, usiijaze. Lala. Ukiamka na nguvu, panda matatu na watoto mwende kando ya bahari pale Mama Ngina, mnunue mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, mkae ukutani mtazame meli zikiingia Kilindini, na kwa siku hiyo moja makontena yaliyo juu yake yasiwe kazi yako.

SWALI

Mchungaji, mimi hufanya kazi za zamu bandarini na mara nyingi zamu yangu huangukia Jumapili. Ndugu mmoja wa ushirika wetu anasema ninaivunja Sabato. Isitoshe, zipo nyakati ambapo msimamizi hunipanga wiki mbili mfululizo bila siku ya kupumzika. Nifanyeje?

Mfanyakazi, Changamwe

JIBU

Ndugu yangu, bandari ya Kilindini hufanya kazi usiku na mchana, kama zifanyavyo hospitali na kivuko cha Likoni, na mwenye kuwajibika kwenye kazi ya namna hiyo si mwasi. Bwana alikumbusha katika Mathayo 12 kwamba makuhani hufanya kazi hekaluni siku ya Sabato na hawana hatia. Wakristo wenyewe hawatunzi siku moja, kwani Waadventista huitunza Jumamosi na wengi wetu Jumapili, na Warumi 14:5 inataka kila mtu athibitike katika akili zake mwenyewe. Chagua siku unayopewa, hata ikiwa Jumanne, uiheshimu kama Jumapili, na utafute ibada ya katikati ya wiki.

Hilo la wiki mbili mfululizo ni jambo jingine, wala usilibebe kama msalaba. Kifungu nilichokitaja hapo juu kinakulinda nawe, na kifungu cha 28 kinakupa likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 zenye malipo kamili kwa kila miezi 12. Andika ombi lako kwa adabu, ubaki na nakala, na ukipuuzwa umwone mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Na unapotoka zamu ya usiku asubuhi ya Jumapili, usijikokote kwenda ibada ya kwanza ukasinzie kwenye benchi. Nenda nyumbani ulale hadi adhuhuri, kisha uende ushirika wa jioni.