Kabla ya kupunguzwa tumbo, unaulizwa ya moyoni

Tangu Hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, waanze kuweka puto tumboni na kufanya upasuaji wa kupunguza uzito, wasomaji wangu wa Mtwara na Lindi wameacha kuuliza kama jambo hili linawezekana nchini. Sasa wanauliza bei, nauli, na kile kinachowashtua wengi, yaani kuonana na mwanasaikolojia. Bei waulizeni hospitali wenyewe. Hayo mengine tuyaongee.

Daktari, shikamoo. Nina kilo 128, sukari na presha. Nimeambiwa kabla ya kukatwa tumbo lazima nipitie kwa mwanasaikolojia. Mimi si kichaa. Nikijibu vibaya wataninyima?
*Mama wa watoto wawili, Masasi*

Marahaba, mama. Hakuna aliyekuita kichaa, na ule si mtihani wa kufaulu au kufeli.

Katika upasuaji unaofanywa zaidi, daktari anaondoa zaidi ya robo tatu ya mfuko wa chakula. Ukishapona, mlo wako ni vijiko vichache, maji unayanywa kwa mafunda madogo na si pamoja na chakula, vidonge vya vitamini unameza maisha yako yote, na kliniki unarudi kwa miaka. Kutoka Masasi hadi Dar ni siku nzima ndani ya basi. Mtu aliyezidiwa na huzuni, au aliyezoea kujituliza kwa kula, anaweza kushindwa masharti hayo hata kama mshono umepona vizuri. Ndiyo maana unaulizwa mapema.

Utaulizwa unene ulianza lini, umejaribu njia gani, unakula saa ngapi na ukiwa katika hali gani. Utaulizwa usingizi, pombe, ndoa, misiba, na kama uliwahi kuumizwa utotoni. Hilo la mwisho huwatoa watu machozi, na si vibaya. Kuna dodoso za kujaza pia, mojawapo ina maswali tisa kuhusu hali yako ya wiki mbili zilizopita. Halafu utaombwa ueleze kwa maneno yako mwenyewe utafanyiwa nini na unategemea nini. Anayesema anataka sukari ishuke na magoti yapumzike, tunaelewana upesi. Anayesema akikonda mume atamwacha yule mwingine, naye hafukuzwi, ila hapo tunakaa kitako tuongee.

Wanaoambiwa wasubiri ni wachache: anayesikia sauti au kuona vitu visivyokuwepo na hajatibiwa, mwenye mawazo ya kujiua, anayekunywa sana au kutumia dawa za kulevya, anayekula kisha kujitapisha kwa makusudi. Wanaambiwa wasubiri watibiwe, kisha warudi. Sonona peke yake haikufungii mlango. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa Marekani mwaka 2016 yaliona kwamba karibu mmoja kati ya watano wanaotaka upasuaji huu ana sonona, na hayakupata ushahidi wa wazi kwamba kuwa na tatizo la akili kabla ya upasuaji kunamfanya mtu apungue kidogo kuliko wenzake.

Ninaowahofia ni wanaokuja na majibu waliyotumiwa WhatsApp na aliyekwisha pita. Wanajibu vizuri mno, wanapewa kibali, na mwaka wa pili ndiyo yanaibuka yale waliyoficha.

Binti yangu ana miaka 26, anatumia olanzapine baada ya kuugua akili. Sauti zimekwisha, lakini amenenepa hadi nguo zote hazimwingii. Ndugu wanasema tuache dawa. Wengine wanasema apelekwe Dar akapunguzwe tumbo. Nifuate lipi?
*Mama, Newala*

Dawa msiiache. Nalisema kwanza kwa sababu nimeona mara nyingi mno: dawa inakatwa kimyakimya, wiki chache mambo yako shwari, familia inashangilia, kisha msichana anaamka usiku anakimbia barabarani. Anaporudi hospitali tunaanza upya, na huenda dozi iliyomtuliza mwanzo isitoshe safari hii.

Lakini binti halalamiki bure. Olanzapine ni miongoni mwa dawa zinazonenepesha sana. Inaongeza njaa na kuvuruga namna mwili unavyotumia sukari na mafuta. Mtu hanenepi kwa uvivu, na tafadhali walio nyumbani waache kumtania. Amitriptyline na sodium valproate nazo huongeza uzito kwa wengi.

Mrudisheni kwa aliyemwandikia, au kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa ya mkoa. Daktari ana njia kadhaa: kuangalia dozi, kumhamishia taratibu dawa isiyonenepesha kiasi hicho, au kuongeza metformin, ile ile ya sukari, ambayo imeonekana kuwasaidia baadhi ya wagonjwa. Apimwe na sukari. Hayo yaanze kabla ya kufikiria kisu.

Na ikifika zamu ya kisu, ugonjwa wake haumzuii ikiwa umetulia kwa muda mrefu na anameza dawa bila kukosa. Wapasuaji wataomba barua ya daktari wake wa akili, maana mfuko wa chakula ukibadilishwa, dawa nazo zinaingia mwilini tofauti. Vidonge vinavyoyeyuka polepole vinaweza visifanye kazi ipasavyo. Anayetumia lithium, dawa ya kutuliza hali ya moyo inayopanda na kushuka, ndiye wa kuangaliwa kuliko wote, kwani kiwango chake kwenye damu kinaweza kupanda hadi kuwa sumu mtu anapokula na kunywa kidogo. Msisage vidonge nyumbani kwa kudhani mnamrahisishia kumeza.

Mchana nakula kama kawaida. Usiku watoto wakilala najikuta jikoni, namaliza wali wote uliobaki na samaki, nakula haraka hadi tumbo linauma, halafu nalia. Mume wangu hajui. Nataka upasuaji ili hili liishe. Nimwambie mwanasaikolojia jambo hili?
*Jina nimelificha, Lindi mjini*

Mwambie. Tena lianze hilo kabla ya mengine.

Dada yangu, huo si ulafi. Kula chakula kingi kwa muda mfupi, ukijiona huwezi kusimama, kwa siri, kisha aibu, ni tatizo linalotambulika kitabibu na lina tiba. Wengi wanaotaka upasuaji huu wanalo. Tiba yake ni mazungumzo ya mpangilio kwa wiki kadhaa: unaandika ulikula nini, saa ngapi, na kilichotangulia ni nini. Mara nyingi kinachotangulia ni kushinda na njaa ili kufidia ya jana, au ugomvi ulioumeza bila kujibu. Wewe unasema mchana unakula "kama kawaida". Kaiangalie hiyo kawaida. Kikombe cha chai na mihogo miwili hadi magharibi hakitoshi mtu mzima, na usiku mwili utakudai.

Upasuaji utapunguza kiasi unachoweza kumeza. Hautaondoa kile kinachokupeleka jikoni. Wapo waliofanyiwa wakahamia kudonoa kidogo kidogo mchana kutwa, biskuti, soda, barafu za sukari, vitu laini vinavyopita hata kwenye tumbo dogo, na kilo zikarudi. Ukianza tiba sasa, utaingia chumba cha upasuaji na silaha mbili. Mumeo naye ajue, si lazima leo, lakini kabla ya safari ya Dar, kwa kuwa atakayekuuguza ni yeye.

Msimu wa mabibo nakunywa uraka, pombe ya mabibo, na rafiki zangu, siku nyingine nipa, ile kali zaidi. Si mlevi. Hili nalo wanauliza?
*Mkulima wa korosho, Tandahimba*

Wanauliza, na useme na kiasi. Tumbo likishakatwa, pombe inaingia kwenye damu haraka na kukulevya kwa kiasi kidogo kuliko zamani. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2012, uliofuatilia karibu watu 2,000, ulikuta wenye matatizo ya pombe walikuwa asilimia 7.6 kabla ya upasuaji na 9.6 mwaka wa pili baada yake. Nipa ambayo hakuna ajuaye nguvu yake, mimi ningekushauri uiache moja kwa moja.

Puto nalo linahitaji mwanasaikolojia? Si linatolewa tu?
*Kijana, Mtwara, Chuno*

Ndiyo, ingawa maongezi huwa mafupi zaidi. Puto hukaa miezi kadhaa kisha linatolewa, na tabia ya kula inabaki na wewe.

Wifi yangu alifanyiwa upasuaji miezi mitano iliyopita. Amepungua sana. Mtaani wanasema ana ngoma, yaani UKIMWI. Siku hizi anajifungia, analia, wiki hii anatapika kila akila na jana alikuwa anayumba akitembea na kuongea mambo yasiyoeleweka. Wazee wanasema amepandisha jini, tumpeleke kwa mganga. Ni msongo wa mawazo?
*Wifi mtu, Lindi*

Mpeleke hospitali leo, Sokoine au iliyo karibu nawe. Usisubiri jibu lingine kwangu.

Kutapika mfululizo baada ya upasuaji huu humaliza vitamini B1 mwilini. Ikipungua sana, mtu anayumba, macho yanacheza au kuona viwili viwili, akili inachanganyikiwa. Nje inafanana na wazimu au jini, lakini ni ubongo unaokosa vitamini, na ukichelewa madhara yanaweza kubaki. Beba karatasi zake za upasuaji. Mwambie daktari wa zamu mapema kwamba alikatwa tumbo, ametapika wiki nzima na unahofia B1, ili apewe sindano yake kabla ya dripu ya sukari.

Akishatulia, kilio chake kishughulikiwe nacho. Uvumi wa mtaani unaumiza, na mwili ukibadilika haraka hivyo wengine hawajitambui kwenye kioo. Huko Ontario, Kanada, waliofuatilia watu zaidi ya 8,800 waliona matukio ya kujidhuru yakiongezeka kwa karibu nusu katika miaka mitatu baada ya upasuaji, mengi katika mwaka wa pili na wa tatu. Waliofikia huko walikuwa wachache, lakini hatari ipo. Muulize waziwazi kama anawaza kufa. Swali hilo halimtii mtu wazo hilo kichwani. Akisema ndiyo, asilale peke yake, vidonge vyote vya nyumbani vikae kwako, na daktari aambiwe usiku huohuo.