Unaanza kwa kasi, wiki ya pili unaacha?

Ndugu, umesema kila ukianza kuandika hadithi unaishia wiki ya pili. Tatizo kubwa ni kiwango ulichojiwekea: kurasa 2 kwa siku ni mzigo mzito kwa anayeanza. Andika mistari 10 tu, mara baada ya jambo usilolikosa, kama chai ya asubuhi. Simu ikae chumba kingine. Tafadhali usisahihishe ya jana kabla ya kuandika ya leo. Hapo ndipo wengi hukwama, wakarekebisha ukurasa wa kwanza mwezi mzima. Sentensi ya mwisho iache nusu, ili kesho ujue pa kuanzia. Ukikosa siku, usilipe deni kwa mistari 20. Andika 10 ileile.